Mtambo Nilioufunga Kwenye Basi la Shemeji

Nilikuwa fundi wa redio Garsen, na kibanda changu kilitazama njia panda, pale mabasi ya Malindi na Lamu yaliposimama ili abiria wanywe chai. Baada ya mvua za El Nino sikuwa na nafasi ya kujikuna. Mto Tana ulikuwa umeingia majumbani mwa watu na kukaa humo, na maji yalipopungua kila mtu aliniletea kitu chenye waya: redio zenye matope ndani, tepu rekoda zilizoota kutu, hata kengele ya shule. Nilizianika juani kama samaki, nikazisafisha kwa mswaki, na nyingi zikapona. Sifa nilizopewa ziliniingia kichwani. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata hayakutokana na ubaya wa moyo. Yalitokana na kichwa kilichovimba.

Barabara ilipofunguka tena, alifika mama mmoja mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Tepu rekoda yake ilikuwa imekwama. Niliifungua akiwa amekaa kwenye benchi langu, nikaondoa mchanga, nikabadilisha mpira mmoja mdogo, ikazunguka. Akanitazama kwa muda, kisha akanieleza kazi yake. Alikuwa anachunguza namna madereva wa mabasi ya masafa wanavyoendesha wanapokwenda mbio: wanaongeza mwendo wapi, wanagusa breki wapi, wanamwona ng'ombe barabarani wakiwa umbali gani. Vyombo vya kupimia hayo vilikuwa vya ng'ambo, na chuo kilikuwa kimeviomba mpaka kikachoka.

"Fundi," akaniuliza, "wewe unaweza kutengeneza kitu cha kuhesabu gurudumu linavyozunguka?"

Nilisema ndiyo kabla sijajua nitafanyaje.

Nilihangaika majuma matatu. Sumaku niliitoa kwenye spika iliyochanika, nikaipasua na kufunga kipande chake upande wa ndani wa gurudumu la mbele. Karibu na hapo, kwenye kipande cha bati, niliweka swichi ndogo ya kioo, nyembamba kama njiti ya kiberiti, ambayo ndani yake mna ndimi mbili za chuma. Sumaku ikipita, ndimi zinagusana, zinatoa mlio: tak. Gurudumu likizunguka mara moja, tak moja. Waya ulipanda hadi chini ya kiti cha dereva, ukaingia kwenye tepu rekoda ya stereo. Sikio la kushoto la kanda lilinasa gurudumu. Sikio la kulia nililiunganisha na waya wa taa za breki kupitia king'ora cha saa ya mezani, hivyo kila mguu ulipokanyaga breki, kanda ililia ziii.

Kuhesabu ndiko kulikonipa fahari kubwa kuliko yote. Nilichukua kikokotoo cha kawaida, kile cha wenye maduka, nikakifungua na kuunganisha kitufe cha jibu na kanda. Kila tak ilikuwa kama kidole kinachobonyeza, na kikokotoo kikajumlisha moja, moja, moja. Nilicheza kanda, nikatazama saa, nikaandika idadi kila baada ya sekunde kumi, kisha nikachora mstari kwenye karatasi ya miraba. Mama mwalimu alipouona mtambo alipiga makofi peke yake kibandani. Sijawahi kusahau makofi yale, na siku hizi nikiyakumbuka huona haya.

Ilibaki kupata basi. Nikamwendea shemeji yangu.

Alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa Kilelengwani, na alikuwa ameendesha basi la Malindi hadi gatini Mokowe, panapopandiwa boti za Lamu, kwa miaka mingi. Mtu mkubwa wa mwili, mchache wa maneno. Kila asubuhi alipangusa usukani kwa kitambaa chake mwenyewe, kitambaa ambacho utingo hakuruhusiwa kukigusa. Alipokuta ng'ombe wa Waorma wanavuka barabara hakupiga honi, alingoja mpaka ndama wa mwisho apite, na wachungaji walimwinulia fimbo kumsalimu. Siku zile kipande cha Garsen hadi Witu kilikuwa kinaogopewa kwa sababu ya majambazi wa msituni. Mabasi yalikwenda kwa msafara, askari wawili ndani na gari la polisi mbele. Abiria waliokuwa na hofu walikuwa wakiuliza kwanza nani yuko usukanini. Wakisikia ni yeye, walipanda.

Nilimweleza mtambo. Alisikiliza huku akikoroga chai yake.

"Hicho kitamwambia nani habari zangu?"

"Mama mwalimu peke yake. Na jina lako halimo, ni namba tu."

"Na tajiri?"

Tajiri ndivyo walivyomwita mwenye basi, mzee wa Malindi.

"Tajiri hataona kitu, shemeji. Nimekupa neno langu."

"Basi funga," akasema. Hakuuliza zaidi.

Kabla ya kuanza niliupima. Nilipanda naye kwenye lami upande wa Malindi nikiwa na saa mkononi, tukapita mawe ya kilomita moja baada ya jingine, na hesabu ya mtambo ikalingana na mawe sawasawa. Niliona hakuna haja ya kupima kwingine. Nilikuwa nimeupima mtambo wangu mahali pazuri tu, kwenye barabara laini kama meza, lakini wakati huo sikuliona hilo kuwa kosa.

Kanda za kwanza zilipokuja, nilichora mistari na nikashangaa. Kwenye lami shemeji alikwenda kwa adabu. Lakini baada ya Garsen, pale changarawe ilipojikunja kama bati kwa magurudumu ya malori, mstari ulipaa. Kilomita mia kwa saa. Mia na kumi. Mahali pamoja, mia na ishirini na sita. Nikarudia kuhesabu. Kikokotoo kikanipa idadi ile ile. Nilikaa nikiitazama karatasi na nikajiambia: kumbe watu hatuwajui. Nilipaswa kumuuliza mwenyewe siku ile ile. Badala yake nilifurahi. Nilifurahi kwamba mtambo wangu, uliotokana na spika iliyochanika, umeona jambo ambalo macho ya abiria wote hayakuliona.

Wiki hiyo yule tajiri alipita Garsen. Alikuja kibandani na redio yake ya mkononi, akakaa, akaagiza chai kwa ajili yetu sote. Alikuwa amesikia habari za mtambo kutoka kwa utingo.

"Wanasema umekuwa mhandisi," akasema. "Chombo chako kinajua mengi kuliko askari wa barabarani."

Nikacheka. Akasifu tena. Akauliza kinafanyaje kazi, nikamweleza sumaku, nikamweleza kikokotoo, na kadiri alivyotikisa kichwa kwa mshangao ndivyo nilivyozidi kusema. Mwisho akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na gari langu linakwenda vipi?"

Karatasi ilikuwa mezani, chini ya koleo. Naapa sikumbuki kuamua. Nakumbuka mkono wangu ukiinua koleo.

Alifuata mstari kwa kidole mpaka juu. "Hii ni nini?"

"Mwendo."

"Wapi hapa?"

"Kabla ya Witu. Kwenye changarawe."

Hakumaliza chai yake.

Kesho yake basi lilipotoka Mokowe na kusimama Garsen, tajiri alikuwa analingoja. Alimwita shemeji kibandani kwangu, mbele yangu, akamwekea karatasi usoni. Shemeji aliitazama, kisha akanitazama mimi. Nikaangalia chini.

"Mia na ishirini na sita," tajiri akasema. "Na abiria hamsini ndani."

"Gari hili halifiki hapo, mzee. Hata kwenye lami, hata tupu."

"Chombo kinasema limefika."

"Siku hiyo gari la polisi lilikuwa mbele yangu tangu Garsen mpaka Witu. Landrova yao ile kuukuu. Sikuipita." Akanigeukia. Sauti yake haikupanda. "Shemeji, wewe unaijua ile Landrova. Nayo ilipaa?"

Jibu nilikuwa nalo. Niliijua vizuri. Askari wenyewe walikuwa wakiisukuma iwake. Mtu yeyote mwenye akili angesema, ngoja kwanza, hapa kuna kasoro, nipe siku mbili nitazame. Lakini tajiri alikuwa pale, na mtambo ulikuwa wangu, na nilikuwa nimesifiwa mchana mzima uliotangulia. Nikasema:

"Mimi sijui, shemeji. Mtambo hauna chuki na mtu."

Nilisema hivyo. Nimejaribu kwa miaka kuyakumbuka maneno hayo kwa namna nyingine, yawe laini kidogo, na hayakubali.

Alitoa funguo za basi mfukoni akaziweka juu ya karatasi. Akaenda kuchukua kile kitambaa chake kwenye usukani, akakikunja, akakitia mfukoni. Abiria walikuwa wanachungulia madirishani. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, "Dereva anakwenda wapi?"

Nyumbani mke wangu alikwisha kusikia. Aliniuliza swali moja: "Ni kweli alikimbiza watu hivyo?" Nikamwambia ni kweli. Akaamini, kwa sababu mimi ndiye fundi. Hilo nalo linaniuma: nilimfanya adhani vibaya juu ya kaka yake aliyemlea baada ya baba yao kufa.

Basi lilipata dereva mwingine, mzee mmoja mpole aliyejulikana kwa kuchelewa. Abiria walimlalamikia kwamba angeweza kupitwa na punda. Mama mwalimu alitaka kanda zaidi, hivyo nikaendelea. Kanda ya kwanza ya mzee huyo nilipoihesabu, mstari ulikwenda chini, polepole, kama nilivyotazamia, na ulipofika kwenye changarawe iliyojikunja, ukapaa. Mia na tano. Mia na kumi na nane. Mahali pale pale.

Nikarudisha kanda. Mara hii nilichomoa kikokotoo, nikavaa visikizio vya masikioni, nikasikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi. Tangu mwanzo kikokotoo kilikuwa kikinisikilizia. Kwenye lami nilisikia tak, tak, tak, safi kama saa. Halafu changarawe ikaanza, na mlio ukabadilika. Ta-tak. Ta-tak. Tak. Ta-tak. Basi lilikuwa likitetemeka juu ya mikunjo ile, kipande cha bati kilichoshika swichi kikatetemeka nalo, na ndimi za chuma ndani ya kioo zikawa zinagusana mara mbili pale zilipopaswa kugusana mara moja. Gurudumu lilizunguka mara moja, mtambo ukahesabu mbili.

Nikachukua kanda za shemeji. Nikazisikiliza zote, moja baada ya nyingine, nikihesabu kwa kalamu na kuzitupa zile tak za uongo. Mwendo wake wa juu kabisa kwenye changarawe ulikuwa kilomita sabini kwa saa. Na nikasikia jambo jingine ambalo mstari wangu haukuonyesha vizuri kwa sababu sikulitafuta: ile ziii ya breki. Alikuwa akigusa breki mapema, mapema sana, polepole, kabla ya kila kijiji na kila kivuko cha ng'ombe. Mama mwalimu baadaye aliniambia kwamba katika madereva wote aliowapima hakuna aliyekuwa na mguu kama ule.

Kasoro ya mtambo niliitengeneza kwa muda mfupi. Nilikata kipande cha mpira kwenye ndara kuukuu nikakilaza chini ya bati kizuie mtetemo, nikaongeza kifaa kimoja kidogo cha kumeza mlio wa pili. Kufikia mchana ilikuwa imekwisha. Kutengeneza ile nyingine, niliyomfanyia shemeji, kulinishinda. Nilimwambia mama mwalimu kwamba kanda za kwanza ziliharibiwa na vumbi. Mke wangu sikumwambia kitu. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda Ijumaa, na Ijumaa ilipofika palikuwa na redio ya mtu. Miezi miwili ilipita hivyo, huku shemeji yangu akiitwa mkimbiza watu kwenye kila kituo kutoka Malindi mpaka Lamu. Alijaribu kuomba kazi kwenye mabasi mengine mawili. Habari zilikuwa zimemtangulia.

Nilikuja kumwambia mke wangu tukiwa tunachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo mzima.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Tangu lini umejua?"

Nikamwambia.

Akaweka ungo chini. "Mimi siwezi kukubebea hili," akasema. "Nenda kesho. Ukirudi bila kumwambia, hutanikuta nimepika."

Nilikwenda. Nilipanda lori, nikavuka kwa mtumbwi, nikatembea. Nilimkuta shemeji shambani kwake, kwenye mpunga, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliponiona alinisalimu vizuri na kuuliza hali ya dada yake na watoto. Tukakaa kwenye tuta. Nikamweleza yote: bati, swichi, ta-tak, kilomita sabini. Nikamweleza pia ile miezi miwili, kwa sababu njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaiacha.

Alikwangua matope kwenye mundu.

"Chombo ni chombo," akasema mwishowe. "Kitakosea. Hata spidomita ya lile basi ilikufa zamani, nikawa naendesha kwa sikio. Lakini wewe umepanda gari langu mara ngapi?"

"Nyingi, shemeji."

"Mke wako akiwa mjamzito nilimleta mimi Garsen kutoka hospitali. Ulikuwa umekaa nyuma yangu. Nilikwenda vipi siku ile?"

Alingoja kidogo, kisha akainuka akarudi kwenye mpunga wake, si kwa hasira, ni kwa sababu kazi ilikuwa bado. Nilivua viatu nikamsaidia mpaka adhuhuri. Hatukuzungumza tena juu ya basi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Malindi kwa tajiri na kumwonyesha karatasi mpya. Nilitarajia atanifukuza. Alizitazama karatasi mbili, akavua miwani, akasema, "Mwambie arudi hata kesho. Yule mzee niliyemchukua abiria wanamkimbia." Nikarudi Kilelengwani na ujumbe huo nikiwa karibu na furaha. Shemeji alinishukuru kwa safari na akakataa.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Jina lako limesafishwa."

"Umelisafisha kwa tajiri. Utawapata wapi abiria wote wale waliokuwa madirishani?" Halafu akasema, taratibu, "Na nikikaa pale nitakuwa nikijiuliza kila siku, leo wamefunga nini tena chini ya gurudumu. Huwezi kuendesha watu huku moyo uko chini ya gari."

Mama mwalimu nilimwandikia barua ndefu na kukiri uongo wa vumbi. Alijibu kwamba ameziondoa kanda zile kwenye kazi yake, na kwamba angependa ningesema mapema. Mtambo uliotengenezwa upya ulifanya kazi vizuri kwenye mabasi mengine mpaka uchunguzi wake ukaisha, na aliuchukua akaenda nao. Hakuniita tena, na sikumlaumu.

Miaka michache ikapita. Siku moja mama mkwe wangu alizidiwa, na zahanati ikasema apelekwe Malindi upesi. Tukapata pikapu ya mtu, pamoja na kijana wake wa kuiendesha. Shemeji alikuwa amekwisha kumbeba mama yake mpaka Garsen. Nikamwambia, "Endesha wewe." Akatikisa kichwa. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda na hakuihuisha, na njiani palikuwa na vizuizi viwili vya polisi.

Basi tulikaa nyuma, kwenye godoro, mimi upande wa miguu, yeye amepakata kichwa cha mama. Yule kijana aliendesha kama anayekimbia nyuki. Kila shimo lilipogongwa, mama mkwe alitoa sauti ndogo. Shemeji aliijua barabara ile bila kuitazama. "Inakuja moja kushoto," alimwambia mama yake, na kumwinua kichwa kidogo, na shimo likaja. "Sasa daraja. Sasa kuna pazuri, pumua." Mara nyingine alipiga kioo cha dereva kwa kiganja na kusema, "Taratibu, mwanangu," na kijana alipunguza kwa muda, kisha akasahau.

Nilitazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa unakanyaga bodi ya pikapu kila tulipokaribia kijiji, mapema, polepole. Nadhani mwenyewe hakujua.

Mama mkwe alipona. Alikaa hospitalini siku tisa akarudi nyumbani. Lakini siku ile ya kwanza, alipokwisha kulazwa kitandani hospitalini, alimshika shemeji mkono akamuuliza kwa nini hakuendesha yeye. Shemeji akasema alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na safari hii nilisema. Nilimweleza mama mkwe kila kitu, mbele ya wauguzi na wagonjwa wengine, kwa sauti ya kusikika. Shemeji alitazama nje dirishani muda wote. Nilipomaliza, mama mkwe aliniambia nimletee maji, nikaenda kuyatafuta.